Nimekamatwa na msokoto geto kwa mtu, leseni ya uuguzi ndo basi tena?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo wakili. Mimi niko Kigoma mwaka wa 2 diploma ya uuguzi na ukunga, fildi nafanyia hospitali ya Maweni. Wiki iliyopita usiku nilikuwa geto kwa jamaa yangu maeneo ya Mwanga, polisi wakaingia wakakuta msokoto wa bangi mezani, tukabebwa wote wanne. Nimelala lokapu siku mbili nikatoka kwa dhamana ya polisi, mahakamani sijapelekwa bado. Kaka yangu anasema siku nikipelekwa nikubali tu kosa nilipe faini yaishe nirudi shule. Je baraza litaninyima leseni? Chuoni bado hawajajua."

Marahaba mdogo wangu, pole sana na hizo siku mbili.

Nianze na kaka yako maana huyo ndo ananitisha kuliko hao polisi. Najua anakutakia mema, na ushauri wake ndo ushauri wa mtaani kote kuanzia Ujiji mpaka huku kwetu Tabora, kubali yaishe. Ila hebu nikuambie siku yenyewe inavyokuwa. Unasimama kizimbani, unasomewa shtaka, unaulizwa ni kweli au si kweli. Ukijibu "ni kweli" mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, tarehe fulani mahali fulani ulikutwa na kitu fulani, unaulizwa tena kama hayo maelezo ni sahihi, ukisema ndiyo hakimu anaandika umetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, imeisha, haifiki hata muda wa kunywa chai. Faini mnachanga ukoo mzima mnalipa, mnarudi nyumbani mnashukuru Mungu. Kitu ambacho hamjui ni kwamba mtu aliyekiri mwenyewe sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai haimruhusu kukata rufaa kupinga kule kutiwa hatiani, anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu kwamba ni kubwa au haiko kisheria. Kuna upenyo mdogo, mfano ukionyesha kwamba kukiri kwenyewe hakukueleweka au shtaka ulilolikiri halikuwa kosa kisheria, lakini huo ni upenyo wa kuhangaikia na wakili Mahakama Kuu, sio kitu cha kupangia maisha. Kwa mtu ambaye kazi yake haiombi kibali popote labda itamsumbua kidogo na kupita, ila wewe unaingia kwenye kazi ambayo kila hatua kuna fomu na kwenye fomu kuna kaswali kanauliza habari za makosa ya jinai, hiyo faini ya siku moja utaijibia mpaka unastaafu.

Sasa swali lako lenyewe. Kukamatwa peke yake hakukunyimi leseni. Watu wanachanganya vitu vitatu hapa. Kukamatwa ni polisi kukushuku. Kushitakiwa ni pale hati ya mashtaka inapofunguliwa mahakamani. Kutiwa hatiani ni hakimu kusema imethibitika, au wewe mwenyewe kusema ni kweli. Wewe uko kwenye la kwanza tu, na Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba anayo hatia. Jalada linaweza kuishia polisi bila kwenda popote, upelelezi ukikosa cha kushika, au likaenda mahakamani likaondolewa, au ukashinda. Kwa hiyo hata ukisikia mtu pale wodini anakuambia "wewe ushajiharibia", mwache, hajui anachosema.

Ila nisikudanganye pia kwamba baraza halijali. Nyie wauguzi mko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa sheria ya mwaka 2010, wenzenu wa famasi wana Baraza la Famasi kwa sheria yao ya 2011, madaktari na matabibu wako Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya 2017, watu wa maabara nao wana baraza lao. Wote hawa pamoja na vyeti wanaangalia na mwenendo wa mtu, na mtu kutiwa hatiani ni jambo ambalo linawapa nguvu ya kukuhoji, kukuchelewesha, kukataa, na kama ulishasajiliwa hata kukuondoa kwenye rejista. Na makosa hayapimwi kwa mizani moja. Ukipigana baa ukatozwa faini watakuuliza, lakini dawa za kulevya zinagusa kazi yenyewe moja kwa moja. Umeshaona pale wodini lile kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa, funguo anashika nani, rejista inasainiwa na watu wawili, ampuli tupu ya pethidini inahesabiwa kama pesa. Morfini, pethidini, ketamini, diazepamu, hivyo vitu mtaani vina soko, na mtu ambaye baraza linamkabidhi zile funguo lazima wajiulize anaaminika au haaminiki. Ndo maana msokoto mmoja kwako una uzito ambao kwa mwanafunzi wa uhasibu hauna. Nasema hivi usije ukaona wanakuonea siku wakikuuliza.

Twende kwenye kesi. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, ambayo imeshafanyiwa marekebisho, inatenganisha mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe na mtu anayesafirisha au kufanya biashara. La kwanza linaweza kuishia kwenye faini au kifungo, la pili kwa bangi hata isiyo nyingi kifungo kinaweza kufika miaka 30. Na hapa vijana wengi wanapigwa na butwaa, maana kwenye sheria hii kusafirisha sio lazima uwe na lori la magunia kutoka porini. Kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, kugawa, vyote vimewekwa humo. Yaani ile "nilimpa jamaa tu avute" ambayo wengi wanamwambia askari wakidhani wanajitetea, inaweza kukuhamisha kutoka kosa dogo kwenda kubwa. Kwa hiyo siku hati ya mashtaka ikitoka usome, au mpe mtu asome, neno kwa neno, imeandikwa kukutwa, kutumia, au kusafirisha. Likiwa la kusafirisha hata usifikirie kusimama bila wakili.

Mlikuwa wanne, geto sio lako, msokoto uko mezani. Hapo upande wa mashtaka una kazi. Kuwepo chumbani hakutoshi, wanatakiwa waonyeshe kwamba ulijua kile kitu ni nini na ulikuwa na mamlaka nacho kwa namna fulani. Wanatakiwa pia walete ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuthibitisha kwamba yale majani ni bangi kweli, maana askari kunusa akasema "hii ni bangi" sio ushahidi wa kumfunga mtu. Wanatakiwa waonyeshe ule msokoto ulipotoka pale mezani ulikwenda kwa nani, ukafungwaje, ukatunzwa wapi, nani akaupeleka kwa Mkemia, nani akaurudisha, na karatasi ya ukamataji ilisainiwa na nani, kulikuwa na shahidi wa pembeni kama mjumbe au jirani au walikuwa askari peke yao. Kesi nyingi ndogo za bangi zinakufa hapa, sio kwa ujanja wa mawakili, ni kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutunza kielelezo cha msokoto mmoja. Na kaka yako anataka uwasamehe kazi yote hiyo kwa maneno mawili!

Kuna watakaosema namfundisha mtoto uongo. Hapana. Kujibu "si kweli" kizimbani sio kiapo, hujaapa chochote pale, ni kuwaambia thibitisheni, na ni haki ya kila mtu hata aliyefanya. Kama msokoto ulikuwa wako kweli hayo utamwambia wakili wako mkiwa wawili mlango umefungwa, usiniandikie mimi hapa na usimwandikie mtu yeyote. Ukishapanda kutoa ushahidi wako kwa kiapo hapo uongo ni kosa lingine kabisa, na hata sikushauri.

Hujaniambia polisi uliandika nini, na hilo ndo ningependa kulijua kwanza. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi, yanatakiwa yachukuliwe ndani ya masaa 4 tangu kukamatwa isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu, na unatakiwa uambiwe kwamba hulazimiki kusema kitu na una haki ya kuwa na wakili au ndugu. Sasa kama uliandikishwa siku ya pili asubuhi baada ya kukaa na njaa, kumbuka saa ngapi, nani alikuwepo, ulisomewa kabla ya kusaini au ulisaini tu ili utoke. Yaandike leo kwenye daftari kabla hujasahau, na siku mbili ulizolala pia ziandike saa ya kuingia na ya kutoka, maana utaratibu wa kawaida ni mtu awe amefikishwa mahakamani au kupewa dhamana ndani ya masaa 24.

Halafu kuna lile jambo ambalo hujaliuliza ila najua limeshapita kwenye kikao cha familia, kumalizana. Achana nalo. Ni rushwa, ni kosa kubwa kuliko huo msokoto, na ubaya wake mwingine kwa mtu kama wewe ni kwamba haliachi karatasi. Umetoa hela, mtu kakuambia "nenda mdogo wangu imeisha", jalada liko kabatini, mpelelezi akihamishwa akaja mwingine akalifungua wewe uko mwaka wa 3 unajiandaa na mtihani wa baraza. Unachotaka ni mwisho wenye maandishi.

Chuo. Hapa ntakupa maoni yangu na wenzangu wengine wanapinga, wao wanasema kaa kimya mpaka uulizwe. Mimi nasema chukua kwanza sheria ndogo za wanafunzi ulizosaini siku ya kuripoti, zisome, vyuo vingine vimeandika wazi kwamba mwanafunzi akikamatwa na polisi atoe taarifa ndani ya muda fulani, na kama chako ni hivyo basi hakuna mjadala, toa. Kama havijasema, bado Kigoma mji ni mdogo, siku mbili hukuonekana wodini, mlikuwa wanne na mmojawapo ana mdomo, watajua tu. Bora wasikie kwako. Nenda na mzazi au mlezi kwa mshauri wa wanafunzi, sema nilikamatwa tarehe fulani, niko nje kwa dhamana, sijashitakiwa, nitawajulisha hatua inayofuata. Ishia hapo. Usiandike barua ya kuomba radhi yenye maneno "nakiri nilikuwa navuta na wenzangu ila sitarudia", hizo barua za huruma ambazo wanafunzi wanaandikaga zikiingia kwenye faili zinaweza kuitwa mahakamani zikawa ushahidi mzuri kuliko msokoto wenyewe. Wakikuita kamati ya nidhamu una haki ya kujua tuhuma na kusikilizwa, omba tuhuma kwa maandishi, na kama kesi iko mahakamani waombe wasubiri matokeo. Wanaweza wasikubali, maana nidhamu ya chuo haihitaji ushahidi mzito kama wa jinai, na kusimamishwa muhula mmoja kunawezekana. Inauma lakini muhula unarudiwa.

Sasa fomu, na hapa ndo nimeona watu wakiumia bure kabisa. Fomu ya usajili, fomu ya ajira, fomu ya viza, zote usizijibu kwa mazoea. Soma swali limeuliza nini. Kama linauliza umewahi kutiwa hatiani na wewe hukutiwa hatiani, jibu ni hapana, na sio uongo. Kama linauliza umewahi kukamatwa au kushitakiwa, jibu ni ndiyo, hata kama kesi ilifutwa, na unaambatanisha maelezo mafupi na karatasi. Nilishawahi kukaa na kijana mmoja wa famasi, faini ndogo tu ya mirungi, akajaza hapana, akaja kubainika kwenye hati ya tabia njema ya polisi kwa sababu ile inatafutwa kwa alama za vidole na vidole vyake vilikuwepo. Mirungi pengine wangeijadili wakaisamehe. Ila alivyodanganya kwenye fomu ya kuomba kuaminiwa, hapo hakuna aliyetaka kumsikiliza, na kwa kweli sikuwa na cha kuwajibu. Kwa hiyo kesi yako ikiisha, kwa namna yoyote itakayoisha, nenda masjala ya mahakama omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu au ya amri ya kuachiwa, skani, weka kopi kwa mama na nyingine kwenye barua pepe yako. Baada ya miaka 8 hakuna mtu atakayekutafutia hilo faili haraka.

Nimegusa mirungi niseme kabisa maana wanafunzi wanaosoma na Wakenya wanachanganyikiwa, kule mirungi ni biashara halali, hapa Tanzania iko kwenye sheria ileile ya dawa za kulevya pamoja na bangi na heroini. Usije ukasema sikujua.

Ikitokea umetiwa hatiani, tuseme baada ya kusikilizwa au umeshakiri kabla hujasoma haya, bado sio mwisho wa dunia. Kabla ya adhabu hakimu anakupa nafasi ya kujitetea upunguziwe, usinyamaze pale, sema ni kosa la kwanza, ni mwanafunzi, leta barua ya chuo kama ipo. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inampa hakimu uwezo wa kumwachia mtu bila adhabu au kwa sharti la kutofanya kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12, kama kosa lenyewe halijawekewa adhabu maalumu ambayo lazima itolewe, na kuna huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002. Ila elewa kwamba hata ukiachiwa hivyo bado umeonekana na hatia, kilichokosekana ni adhabu, kwahiyo kwenye fomu inayouliza kutiwa hatiani jibu linabaki ndiyo. Kama ulikana ukashindwa, kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi unatoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, Mahakama Kuu mnayo hapohapo Kigoma. Siku 10 zinakimbia vibaya, wengi wanazitumia kulia.

Na mbele ya baraza mtu aliyetiwa hatiani mara moja akiwa chuo, kosa dogo la kutumia, akaja mwenyewe na hukumu yake mkononi, barua ya mkuu wa chuo, barua ya msimamizi wa fildi inayosema huyu tumefanya nae kazi, na miaka miwili mitatu isiyo na tatizo, huyo ana cha kuzungumza. Baraza linaangalia mtu mmoja mmoja. Ajira ya serikali nayo ina masharti yake kwa waliotiwa hatiani, soma kila tangazo, usisikilize ya kijiweni.

Kuhusu nje, maana najua nusu ya darasa lenu mnawaza Uingereza. Kule baraza lao la uuguzi linamtaka mwombaji atangaze kutiwa hatiani popote duniani, na viza ya kazi za afya inadai hati ya polisi kutoka kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 ya karibuni. Marekani ni wakali zaidi, fomu yao ya viza inauliza kabisa kama umewahi kukamatwa, hata kama ulisamehewa, na sheria yao ya uhamiaji kwenye mambo ya dawa za kulevya mtu anaweza kukataliwa hata kwa kukiri tu kwamba alitenda, bila hukumu. Kwa anayeomba kuhamia wana msamaha fulani kwa kosa moja tu la kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi binafsi, nao unaombwa, haudondoki. Na leseni huko inatolewa na bodi ya kila jimbo, majimbo mengi wanachukua alama za vidole na mengine yanauliza hata kesi zilizofutwa. Kuna majimbo unaweza kwenda mahakamani ukaomba kesi ndogo ya bangi iondolewe kwenye rekodi, huku kwetu usipangie maisha kwa kutegemea kitu kama hicho.

Gharama. Kama familia haina hela ya wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo kwenye wilaya na halmashauri inaweza kukuelekeza wanapopatikana. Wao hawasimami mahakamani kama mawakili ila watakusaidia kuelewa karatasi na kukuunganisha na taasisi yenye wakili. Anza wiki hii, usisubiri samansi.

Karatasi yako ya dhamana itakuwa imeandikwa siku ya kuripoti kituoni. Ripoti siku hiyohiyo hata kama kuna zamu wodini, omba ruhusa, ukikosa mara moja tu dhamana inaweza kufutwa na aliyekudhamini akaanza kutafutwa yeye. Ukifika uliza namba ya jalada na jina la mpelelezi, andika. Dhamana ya polisi haina malipo, ukiambiwa kuna ada omba stakabadhi. Na kwenye grupu la darasa usiandike kitu kuhusu usiku ule, hata utani, hata emoji, na hao watatu mliokamatwa nao msipange majibu kwa meseji.